Mtoto aliyelelewa mbali na watu hajui kusema "mimi": huanzwa wapi?

Shangazi wa Mkomani (Lamu)

Assalaam alaikum. Naomba ushauri wa jambo ambalo kwa miezi mitano sasa limeninyima usingizi. Nitalieleza kwa urefu, kwa sababu kila nilipolieleza kwa ufupi nilipewa majibu mafupi.

Marehemu kaka yangu alifiwa na mkewe wakati mwana wao wa pekee, mvulana, alikuwa na miaka mitatu. Arubaini ilipokwisha alihama Lamu bila ya kuaga, akaenda kukaa kwenye kipande cha shamba huko bara, nyuma ya Malindi, mahali ambapo jirani wa karibu yuko mwendo wa saa nzima kwa miguu, na huko akaishi na mtoto wake peke yao kwa miaka sita. Sipendi kumsema vibaya aliyetangulia mbele ya haki. Alimlisha, alimvisha, na sikuona kovu la kipigo mwilini mwa mtoto. Lakini alikuwa ameingiwa na hofu ya watu, akiamini kwamba atakayemwona mwanawe atamchukua au atamroga, kwa hiyo alipotoka kwenda kuuza mihogo alimfungia ndani tangu alfajiri hadi magharibi. Hapakuwa na shule, chuo, redio, wala mtoto mwingine. Naye mwenyewe, kwa tulivyoelezwa na waliokuwa wakinunua mihogo yake, kuna siku hakutoa maneno kumi. Sisi huku tuliambiwa kwamba mtoto yuko kwa wajomba zake. Wajomba waliambiwa kwamba yuko kwetu. Tulimkuta tulipokwenda kumzika baba yake.

Sasa ana miaka tisa. Ni mzima wa mwili, ingawa ni mdogo kwa umri wake. Anasema, lakini maneno yake ni machache na yamegeuka kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia. Akiwa na njaa huniambia, "Wewe unataka kula." Akijikata husema, "Wewe umeumia," na hali anayevuja damu ni yeye. Neno "mimi" halijui. Nikimwita kwa jina hageuki, niite kwa upole au kwa ukali, hugeuka tu nikisema "wewe!" Jina lenyewe sitaliandika hapa, kwa kuwa bado halijawa lake, na sitaki lijulikane na watu wengine kabla yake.

Mnaoijua Lamu mnajua kwamba mtoto hapigi hatua ishirini hajaulizwa, "Wewe ni wa nani?" Kila baraza lina mzee wake na kila mzee ana swali hilo. Kwetu sisi lilikuwa sawa na salamu. Kwake ni kama kumulikwa kurunzi usoni. Hutazama chini, kisha hulirudia swali lenyewe neno kwa neno: "Wewe ni wa nani." Watoto wa mtaa wamekwisha kulifanya mzaha. Mahali pa pekee ninapomwona ametulia ni kwenye kichochoro chetu punda wanapopita na mifuko ya saruji. Hujibanza ukutani akawatazama, na wakati mwingine husimama kama wao, kichwa chini, mpaka nimshike mkono.

Nyumbani tumegawanyika. Mama yangu anasema kuna kitu kinachomkaa, apelekwe kwa mganga. Mume wangu, ambaye ni mtu mwema na hasemi kwa ubaya, anaona apelekwe kwenye makao ya watoto Malindi kwa wenye ujuzi. Shemeji yangu anasema aingizwe gredi ya kwanza kesho asubuhi, watoto wenzake watamnyoosha. Nami nina maswali mawili. Je, mtoto huyu alikuwa na utambulisho wake akaupoteza, au haukuwahi kuumbika? Na vyovyote itakavyokuwa, huanzwa wapi?

Mwalimu Mstaafu (Malindi)

Wa alaikumu salaam, dada. Pole kwa msiba, na pole kwa kazi iliyokuja nyuma yake.

Nianze na hilo la "wewe", kwa kuwa ndilo linalowatisha watu na kumbe ndilo jepesi kulielewa. Neno "kikombe" haliondoki kwenye kikombe: mimi nikikiita kikombe, nawe utakiita hivyo hivyo. "Mimi" na "wewe" si maneno ya namna hiyo, kwa sababu huhama kila anayesema anapobadilika. Mtoto hawezi kuyapata kwa kusemezwa yeye peke yake. Huyapata kwa kuwasikiliza watu wawili wengine wakisemezana mbele yake, akaona kwamba yule anayeitwa "wewe" na baba ndiye huyo huyo anayesema "mimi" akimjibu baba. Ndiyo maana mtoto wa pili, anayekulia katikati ya mazungumzo ya mama na mkubwa wake, mara nyingi huwahi kuyashika maneno haya. Mwanao aliishi na mtu mmoja, na mtu huyo alimwita "wewe". Basi akakata shauri kwamba hilo ndilo jina lake, na kwa ushahidi aliokuwa nao alifikiri sawasawa kabisa. Dawa yake si kumkalisha umfundishe "sema mimi, sema mimi". Dawa ni kukaa naye jikoni wewe na binti yako, mkizungumza ninyi wawili juu ya mchele na samaki, naye akisikiliza bila ya kuulizwa neno.

Kuhusu swali lako la kwanza, watu waliokwisha kulisoma jambo hili watakutajia watoto wawili, na ni vyema uwajue kwa ukamilifu, kwa maana hadithi zao husimuliwa nusu nusu. Mwezi Januari 1800, kusini mwa Ufaransa, mvulana aliyekisiwa kuwa na miaka kumi na mbili hivi alitokea karibu na kijiji cha Saint-Sernin baada ya kuonekana kwa miaka kadhaa akizunguka misituni. Alipelekwa Paris, na daktari kijana aitwaye Jean Itard akajitwika kazi ya kumfundisha. Itard aligundua kwamba mvulana yule, ambaye hata mlio mkubwa haukumshtua, aligeuka aliposikia sauti ya "o", na ndipo akamchagulia jina lenye sauti hiyo: Victor. Zingatia hapo. Hakuanza na jina alilolitaka yeye. Alianza na sauti ambayo mtoto alikuwa tayari kuigeukia. Kusema, Victor hakufika mbali. Lakini Itard ameandika kwamba mume wa Bi. Guérin, mlezi wake, alipofariki, Victor aliandaa meza na kuweka sahani ya marehemu kama ilivyokuwa desturi, akamwona mama yule analia, akaiondoa, na hakuiweka tena. Mtu akiniambia kwamba mvulana huyo hakuwa na nafsi, simwelewi.

Wa pili ni msichana aliyepatikana Los Angeles, Marekani, mwaka 1970, akiwa na miaka kumi na mitatu, ambaye karibu maisha yake yote alikuwa amefungiwa chumbani. Watafiti walimpa jina la bandia, Genie. Alijifunza maneno mengi kwa haraka, ila kuyaunganisha kuwa sentensi kamili kulimshinda. Watu huishia hapo wakasema, "Mnaona, umri ulikwisha mpita." Hawasemi kwamba fedha za utafiti zilipokoma alihamishwa kutoka nyumba moja hadi nyingine, kwamba katika moja aliteswa, na kwamba ni baada ya hapo ndipo alipofunga mdomo tena. Kwa hiyo sijui kama ni halali kumfanya kuwa kipimo cha kile ambacho mtoto anaweza.

Wako alikuwa na mama kwa miaka mitatu, miaka ambayo mtoto hubebwa, huimbiwa na kujibiwa. Wako anatunga sentensi. Sitasema alipoteza, wala sitasema hakuwa nao. Naona kama nyumba iliyojengwa msingi, kisha fundi akaondoka.

Baharia wa Shella

Nami nilisoma habari za wasichana wawili wa India, mwaka 1920, waliolelewa na mbwamwitu, ambao walikufa bila ya kuwa watu kamili. Dada, usijipe matumaini makubwa.

Mwalimu Mstaafu (Malindi)

Ndugu Baharia, habari hiyo ya Amala na Kamala imetegemea maelezo ya mtu mmoja, mchungaji aliyekuwa msimamizi wa makao ya yatima ya Midnapore, na waliokwenda kuichunguza baadaye wameikuta na mashaka makubwa mno. Tusimpimie mtoto aliye hai kwa hadithi ambayo haijasimama.

Mzee wa Baraza (Langoni, Lamu)

Mwanangu, mimi ni mmoja wa hao wazee unaowalalamikia, na nimekubali lawama. Hata hivyo sikubali kwamba swali letu lifutwe. Kwetu mtu hajulikani kwa sura, hujulikana kwa kuambiwa ni mwana wa fulani bin fulani, wa mtaa fulani, mamaye ametoka ukoo fulani. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na mtoto huyu asili yake ameachishwa. Arudishiwe, na haraka.

Ushauri wangu ni huu. Kila siku baada ya sala ya alasiri mpitishe njia moja, isiyobadilika, kutoka nyumbani kwenu hadi ufukweni. Barazani kwetu tutaambizana. Atakapopita hataulizwa neno. Mimi nitamsalimu kwa jina lake na jina la baba yake na la babu yake, ambaye nilivua naye, kisha wewe utaitika kwa niaba yake na mtapita. Hata ikiwa miezi sita. Watoto wanaodhihaki niachieni mimi, nawajua wazazi wao.

Ama kuhusu mganga, asomewe Kurani nyumbani kama anavyosomewa mtoto yeyote, kwa sauti nzuri na mlango ukiwa wazi. Kumfungia mtoto huyu chumbani na kumfukiza moshi, baada ya yale aliyoyapitia, sioni hekima yake. Mwambie mama yako kwamba nimesema mimi.

Nesi wa Watoto (Malindi)

Salamu kwa wote. Naheshimu yaliyosemwa, lakini kuna jambo limerukwa. Kabla ya kuzungumza juu ya utambulisho, mtoto huyu amepimwa masikio? Asiyegeuka akiitwa jina huenda hajalitambua jina, na huenda pia hasikii vizuri kutoka nyuma. Apimwe masikio na macho, apimwe damu na minyoo, na uzito wake uandikwe kila mwezi. Pia kugeuza "mimi" na "wewe" huonekana kwa baadhi ya watoto wenye usonji, yaani autism, hali inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na watu. Sisemi anao, na maelezo ya Mwalimu yanatosha kueleza alichokiona dada; nasema mtaalamu amtazame, kwa sababu mambo mawili yanaweza kukaa katika mtoto mmoja. Kituo cha tathmini ya elimu maalumu cha kaunti yenu ndicho kitakachoshauri aingie shule gani na lini. Gredi ya kwanza kesho asubuhi, hapana. Kutoka kwenye upweke hadi darasa lenye watoto wengi wenye kelele ni sawa na kumtosa kina kirefu mtu ambaye bado hajajua kuelea.

La pili ni makao ya watoto. Mumeo anafikiri kwamba ujuzi uko huko, na watu wengi wema wanafikiri hivyo. Utawala wa Nicolae Ceaușescu ulipoanguka Romania mwezi Desemba 1989, watoto zaidi ya 100,000 walikutwa wakiishi katika makao ya serikali. Walilishwa kwa saa, waliogeshwa kwa zamu, walikuwa wengi ndani ya chumba kimoja, na hata hivyo walikuwa wapweke, kwa kuwa hapakuwa na mtu mzima aliyekuwa wa mtoto fulani. Wengine walijiyumbisha mbele na nyuma siku nzima. Kuanzia mwaka 2000 watafiti wa Marekani, wakiwamo Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, waliwafuatilia watoto 136 wa makao ya Bucharest, nusu yao wakipelekwa kwenye familia za walezi na nusu wakibaki katika utaratibu wa kawaida wa huko. Waliopata familia waliwapita wenzao katika akili, katika lugha, na katika kumshikamania mtu mmoja kama mtoto anavyomshikamania mama, na waliotolewa kabla ya kutimiza miaka miwili hivi walifaidika zaidi. Upweke, kwa hiyo, haupimwi kwa idadi ya watu walio chumbani. Hata sera ya Kenya iliyozinduliwa mwaka 2022 inaelekeza watoto watolewe kwenye makao na kurudishwa kwa jamaa. Nyinyi ni jamaa na mko tayari. Mnataka kumpeleka wapi tena?

La tatu ni karatasi. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Ukiwa huna cheti chake cha kuzaliwa, omba usajili wa kuchelewa, na nenda kwa afisa wa watoto ili ulezi wako utambuliwe kisheria. Sheria ya Watoto ya 2022 imeutaja hata ulezi wa kafala, yaani kumlea mtoto wa mwingine kwa taratibu za Kiislamu, jambo ambalo familia nyingi za Kiislamu hazijaambiwa. Simu ya 116, ya kusaidia watoto, ni ya bure na inaitikiwa usiku na mchana.

Niseme na hili, ingawa ni zito. Sisi wa Malindi tuliona mwaka 2023 kilichowatokea wafuasi wa mhubiri mmoja msituni Shakahola, ambako makaburi yalitoa miili zaidi ya 400, wakiwamo watoto wengi ambao kwanza walikuwa wametolewa shuleni na kuondolewa machoni pa majirani. Tangu wakati ule nikisikia kwamba kuna mtoto ambaye hajaonekana na mtu kwa muda mrefu, sisubiri kujua sababu.

Kiziwi wa Maweni (Malindi)

Nimesoma majibu yote mara mbili. Naomba niseme kama mtu aliyekuwa mtoto huyo, si kwa kila jambo, lakini kwa jambo lenyewe.

Homa ya uti wa mgongo ilinichukulia masikio nikiwa sijatimiza mwaka. Wazazi wangu hawakuwa wabaya. Waliona aibu, na waliona hatari, na vitu hivyo viwili vikikutana hufunga mlango vizuri kuliko kufuli. Wageni walipokuja nilipelekwa chumba cha nyuma. Nilikuwa na ishara chache nilizozibuni na mama: kula, maji, baba, ondoka. Mpaka nilipofika miaka kumi na mmoja sikujua kwamba watu wana majina. Naomba mlifikirie hilo kwa makini, kwa sababu wanaosikia hudhani nilikuwa silijui jina langu tu. Sikujua kwamba kuna kitu kiitwacho jina. Nilijua mama ni yule anayetia kanga ya rangi ya zambarau, na alipovaa nyingine nilikuwa na wasiwasi kidogo.

Niliingia shule ya viziwi kwa sababu mjomba wangu aligombana na baba mpaka wakakosana. Siku ya tatu, wasichana wawili na mvulana mmoja walinizunguka uwanjani, wakanitazama usoni, wakashauriana kwa mikono, kisha mmoja akagusa kovu nililo nalo juu ya jicho kwa ncha ya kidole, akakizungusha mara moja. Wote wakarudia. Kila nilipopita walifanya hivyo. Ilinichukua karibu wiki mbili kufahamu kwamba ile ishara ndiyo mimi, kwamba wakiifanya nikiwa sipo wanakuwa wananizungumza, na kwamba kwa hiyo nipo hata nikiwa sipo. Kwetu sisi viziwi hakuna anayejipa jina la ishara mwenyewe. Hupewa na wenzake, baada ya kutazamwa. Jina langu la kwenye kitambulisho nilikuja kulijua baadaye, na mpaka leo naliona kama shati la kuendea ofisini.

Kwa hiyo, dada, ninatofautiana kidogo na Mzee wetu wa Langoni, kwa heshima zote. Mwana huyo hakuacha asili. Hawezi kuacha kitu ambacho hakukabidhiwa. Nasaba ni njema na atambuliwe kwayo, lakini jina la babu ni jambo la watu waliokufa, na yeye kwanza anahitaji kujulikana na watu walio hai kwa kitu ambacho ni chake hasa. Mwenye kusimama kama punda ana macho ya kuona. Mpe kazi karibu na punda, kumwekea maji tu, na siku moja mtoto mwingine atasema, "Mwite yule wa punda." Msikasirike. Ikisemwa kwa mapenzi si tusi, ni jina.

Wapo watakaosema kwamba bila ya watu wazima wenye elimu hakuna kitakachofanyika. Huko Nicaragua, shule ya watoto viziwi ilipofunguliwa Managua mwishoni mwa miaka ya 1970, walimu walijaribu kuwafundisha kusoma midomo na hawakufanikiwa sana, huku watoto wenyewe, uwanjani na ndani ya basi, wakiziunganisha zile ishara za majumbani mwao, na wadogo waliowafuata wakazifanya kuwa lugha kamili. Kila mmoja wao alikuwa amekulia peke yake katikati ya familia yake. Walichokosa kilikuwa ni wenzao.

Ila wasiwe wengi kwa pamoja. Mimi nilianza na watatu. Na tafadhali usimsimulie habari zake kwa wageni akiwa amesimama hapo, hata kama unadhani haelewi. Mimi nilikuwa sisikii, lakini nilijua kila walipokuwa wananisimulia, kwa namna nyuso zilivyonigeukia zote pamoja.

Shangazi wa Mkomani (Lamu)

Nimechelewa kurudi, samahani. Zimepita wiki saba.

Masikio yalipimwa: la kulia ni zima, la kushoto lilikuwa limeziba kwa uchafu wa muda mrefu na limesafishwa. Mtaalamu wa lugha atamwona mwezi ujao. Mume wangu amesoma yale ya Romania na hajataja tena makao. Mama yangu bado ana lake moyoni, lakini Mzee alipofika nyumbani mwenyewe alinyamaza, na sasa ndiye anayemsomea jioni mlango ukiwa wazi. Njia ya alasiri tunaipita kila siku. Sijaona kwamba anageuka kwa jina, ila juzi barazani palikuwa hapana mtu na alisimama pale pale, akangoja.

Mwalimu, jikoni kumetokea jambo ambalo sijui nilifurahie au vipi. Binti yangu alikuwa anasema, "Mimi nataka ukoko," akirudia kama kawaida yake. Siku iliyofuata mtoto alimwonyesha binti yangu kwa kidole, akaniambia, "Mimi anataka ukoko." Sasa anamwita binti yangu Mimi. Nyumba nzima ilicheka, na yeye, kwa mara ya kwanza, alitutazama tunavyocheka badala ya kutazama chini.

Swali langu la leo ni jingine. Nilipofuatilia cheti nilizungumza na bibi yake mzaa mama, aliyeko Malindi, akaniambia kwamba marehemu mkwe wetu alikuwa akimwita mtoto kwa jina la kitoto, la mapenzi, ambalo sisi wa upande wa baba hatukuwahi kulisikia. Nikaweka simu wazi, bibi akamwita kwa jina hilo. Mtoto hakujibu. Aliinuka, akaingia chini ya kitanda, akalala huko mpaka isha, na aliponiruhusu kumtoa alikuwa amelowa jasho. Hakulia. Je, niendelee kulitumia jina lile, au nimeamsha kitu kilichokuwa kimelala?

Mwalimu Mstaafu (Malindi)

Anamwita dada yake Mimi! Dada, hiyo ni hatua kubwa, msimsahihishe. Amekwisha kugundua kwamba neno lile ni la mtu, sasa amebakiza kugundua kwamba linahama. Jambo la jina nawaachia wengine.

Nesi wa Watoto (Malindi)

Kujificha, jasho na kukosa machozi ni dalili kwamba amekumbuka, au mwili wake umekumbuka. Usilirudie kwa kumjaribu, na mweleze mtaalamu utakapoonana naye. Muulize bibi pia kama ameihifadhi kadi ya kliniki ya mtoto. Tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa humo itakusaidia sana kwenye usajili.

Kiziwi wa Maweni (Malindi)

Ningekuwa wewe, jina hilo ningemwachia bibi peke yake, na nisingelitumia mimi wala mtu mwingine yeyote nyumbani. Bibi asilitumie kwenye simu. Aje Lamu akiweza, au mpelekeni mtoto Malindi, akae naye siku mbili tatu bila ya kumwita kwa lolote, apike, ajilalie mchana, na alitamke atakapoona mwenyewe kwamba mtoto amemkaribia kwa hiari yake. Na chini ya kitanda, usimtoe. Mwekee mkeka huko.

Shangazi wa Mkomani (Lamu)

Kadi ipo, imo ndani ya mkebe wa biskuti kwa bibi, na tarehe inasomeka. Tutasafiri Ijumaa ijayo. Basi la asubuhi kutoka Mokowe.